Sauti ya Mwalimu Kemilembe

Sokoni Kemilembe alinunua vitu kwa kuonyesha kidole. Alionyesha fungu la nyanya chungu, akaonyesha maharage, akatikisa kichwa pale bei ilipozidi, na wauzaji waliomzoea walimhudumia bila maneno. Mgeni angedhani ni bubu. Hakuwa bubu. Alikuwa mwanamke wa miaka sabini na ushee, mwenye sauti ya chini kidogo, nzuri, yenye mkwaruzo mwepesi mwishoni mwa maneno, na sauti hiyo ndiyo iliyokuwa taabu yake.

Siku hiyo alijisahau. Muuza senene, wale panzi wa kukaangwa, alimpimia kopo lililojaa mbawa na miguu zaidi kuliko nyama, naye akasema bila kufikiri, "Hawa hawajachambuliwa vizuri, baba."

Watoto waliokuwa karibu walinyamaza wote kwa pamoja. Msichana aliyekuwa akifukuzana na mdogo wake kati ya meza alisimama wima, mikono ubavuni. Mwingine aliyebeba ndoo akaitua. Wakainua vichwa, wakatafuta hewani, kama mtu anayeitwa kutoka chumba cha pili. Macho yao yalimfikia bibi mwenye mtandio na kikapu, yakampita, yakaendelea kutafuta.

"Mwalimu?" msichana aliuliza, hajui anamuuliza nani.

Kemilembe alifunika mdomo kwa mtandio, akaondoka bila senene.

Miaka mingi nyuma, alipokuwa bado akifundisha darasa la tano kwenye shule ya kilimani, Wakala wa Ufundishaji ulimwomba auazime sauti yake. Alikubali kwa furaha. Msimu mzima wa masomo alivaa utepe mwembamba shingoni na mwingine kwenye paji la uso, na mitambo ikamsikiliza. Haikuchukua sauti peke yake. Ilichukua namna anavyonyamaza kabla ya kuuliza swali, namna anavyoacha mfano mmoja na kushika mwingine, namna anavyojua kwa mtoto kuvuta pumzi tu kwamba huyu anasema ndiyo na hajaelewa. Vyote hivyo vikatiwa ndani ya kidude kisichozidi punje ya kahawa, kinachonaswa kwenye mfupa nyuma ya sikio. Watu wakakiita kinong'ona. Kila mtoto wa mikoa ya ziwa akapata Mwalimu wake peke yake, asiyechoka, asiyeugua, asiyeshika fimbo. Walimu waliobaki madarasani wakaitwa wasimamizi. Kazi yao ilikuwa kufungua madirisha, kugawa uji na kuwakalisha watoto juani ili vinong'ona vipate nguvu. Jina la Mwalimu likabaki kwa sauti.

Kemilembe alistaafu akijua, au akidhani anajua, kwamba ameacha nyuma kitu chema.

*

Mlango uligongwa mchana, anamenya ndizi. Nje alisimama mwanamke mwenye hasira iliyokwisha kuchoka. Nyuma yake alikuwa msichana wa miaka kumi na moja hivi, amevaa sare ya shule, lakini nyuma ya sikio, pale penye kinong'ona, palikuwa na alama nyeupe tu.

"Shikamoo, Ma Kemilembe."

"Marahaba. Karibuni ndani."

Msichana aliposikia sauti ile alifumba macho, akatabasamu.

"Naitwa Kokusima," mwanamke alisema baada ya kukaa. "Huyu ni mwanangu, Asimwe. Tumetoka mbali, na sikuja kugombana. Nataka kujua tu. Kwa nini ulimwambia mtoto wangu basi?"

"Basi nini, mama?"

"Basi shule. Alirudi asubuhi, saa ya uji haijafika, ameshika begi. Nikamuuliza, umefukuzwa? Akasema hapana, Mwalimu amesema inatosha. Nikamrudisha kesho yake. Msimamizi akaniambia kinong'ona chake kimezimwa na kutolewa, hata akikaa darasani atakaa kama gunia."

"Mimi sijawahi kumwona mtoto huyu."

"Sauti ni yako."

Kemilembe aliweka kisu chini. "Sauti ni yangu," alisema. Akamgeukia msichana. "Asimwe, Mwalimu alikwambiaje? Nisemee kama alivyosema yeye."

Asimwe alisema polepole, na mapito ya sauti yalikuwa yaleyale ya Kemilembe, hata pale pa kunyamaza. "'Asimwe mwanangu, umejitahidi sana, nimekuona. Sasa pumzika. Kugawanya si mzigo wako. Nenda nyumbani, mama anakusubiri.'"

Kemilembe aliyajua maneno hayo. Alikuwa akiwaambia pumzika watoto waliokwama, anawatoa nje wanywe maji, na wakirudi anawaambia haya, tuingilie upande mwingine. Mitambo ilichukua pumzika. Ile sehemu ya kurudi iliiacha.

"Uliumia alipokwambia hivyo?"

"Hapana. Alisema kwa upendo."

"Hajalia hata siku moja," Kokusima alisema. "Mimi ndiye ninayelia. Dada yake aliposhindwa, wakati ule walimu walipokuwa watu, alilia mpaka macho yakavimba, kisha akaosha uso akaenda kurudia darasa. Leo ni nesi. Huyu hataki kurudia. Anafagia, anachota maji, anaimba. Nimwambie nini mtoto anayeimba?"

Kemilembe alileta ungo wa maharage akauweka mkekani. Alikaa chini, magoti yakamuuma, akaanza kuyatenga mafungu. "Haya, Asimwe. Hawa ni watoto wanne na hiki ndicho chakula chao. Tuwagawie pamoja, mimi na wewe."

Msichana aliusukuma ungo kwa upole. "Mwalimu alisema niache."

"Mimi ndiye Mwalimu."

Asimwe alimtazama kwa huruma, namna watoto wanavyowatazama wazee waliosahau siku. "Hapana, bibi. Mmefanana sauti tu. Mwalimu ananijua."

*

Katika ofisi za Wakala mjini Bukoba watu wote walisimama Kemilembe alipoingia. Walikuwa vijana, na wengi wao walisoma kwa sauti yake. Walimpa kiti kizuri karibu na dirisha, wakamletea chai ya maziwa na chapati. Dada wa mapokezi alimwinamia, akamwonyesha kibandiko cha jina lake kifuani na kumwomba, kwa aibu, alitamke. "Evodia," Kemilembe alisema, na binti yule akageuka ukutani kufuta machozi.

Mhandisi mkuu wa kanda alikuwa mama wa makamo kutoka Lushoto, Salha Shemndolwa, asiyependa kuzunguka maneno. Alimsikiliza Kemilembe mpaka mwisho, kisha akafunga mlango.

"Ni kweli, Mwalimu. Tunaita kupumzishwa."

"Mnawafukuza watoto shule kwa mdomo wangu."

"Nafasi za sekondari hazitoshi. Hazikuwahi kutosha, wewe unajua kuliko mimi. Lazima wengine watoke. Zamani walitoka kwa mtihani, wakalia, wengine wakajidhuru. Tulijaribu kuwatoa kwa sauti nyingine. Walikataa, wakapiga kelele, wazazi wakaja na mawe. Tukajaribu kwa yako. Wakatulia. Wanaondoka wakitabasamu. Hakuna hata mmoja anayelia."

"Nani anachagua wa kutoka?"

"Sauti yenyewe. Inasikiliza kila siku. Mtoto akihitaji kuelezwa mara nyingi kupita kiasi tulichoweka, inamwandaa, inambembeleza, halafu inamwachia."

"Mimi nilikuwa nikimweleza mtoto mpaka aelewe."

"Wote?" Salha hakuuliza kwa ubaya. "Darasa lako lilikuwa la watoto zaidi ya mia. Nimetazama kumbukumbu za utepe wako, Mwalimu. Nimekuona ukimwinamia mmoja, na nyuma yako wanakaa wengine wasioelewa kitu, na kengele inalia. Sikulaumu. Lakini usiniambie wote."

Kemilembe alishika kikombe bila kunywa. Alijua nyuso hizo za nyuma. Baadhi yake alikuwa bado anaziona.

"Basi ondoeni hilo neno tu. Acheni mengine yote, mtoe pumzika."

"Hakuna neno la kutoa. Ni tabia, imesukwa ndani ya kila kitu. Upole huo huo unaomfundisha mtoto kusoma ndio unaomtuliza aondoke. Ukivuta uzi mmoja nguo yote inafumuka. Sheria inakuruhusu jambo moja. Unaweza kuiondoa sauti yako yote. Utamke kwa mdomo wako mbele ya ofisa wa Wakala, na mikoa yote ya ziwa itanyamaza papo hapo."

"Na watoto?"

"Kule kusini mwalimu mmoja alifariki, familia ikaiondoa sauti yake. Watoto walikaa darasani wakimsubiri. Wengine hawakula. Tuliwapa sauti nyingine, wakaizoea polepole, lakini wapo ambao hawakurudi tena." Salha aliinua macho. "Na hiyo nyingine, Mwalimu, nayo itawatoa wasiohitajika. Nafasi hazitaongezeka kwa kuwa wewe umenyamaza. Tofauti ni kwamba watatoka kwa ukali. Ukiacha, wanatoka kwa upendo. Sina la tatu la kukupa."

Alimsindikiza mpaka chini. Mlangoni akasema, kama anayetaka kumfariji, "Hakuna kazi inayoheshimiwa nchini leo kama ualimu. Waulize watoto wanampenda nani kuliko wote."

"Na wasimamizi, wanaheshimiwa?"

Salha akamfungulia mlango wa gari.

*

Kabla ya kuamua, Kemilembe alitaka kuona kwa macho. Alipanda kilima hadi shule aliyofundisha maisha yake yote. Msimamizi alikuwa Ta Kyaruzi, mwenzake wa zamani, aliyewahi kuwa mwalimu wa Jiografia wa kuogopwa na kupendwa. Alimkuta amevaa aproni, anakoroga uji.

"Karibu, Kemi. Usiseme kwa nguvu tu."

Alimpeleka mlango wa nyuma wa darasa la tano. Ndani palikuwa na ukimya ambao Kemilembe hakuwahi kuupata hata siku alizokuja mkaguzi. Watoto walikaa wima, wanaandika, midomo inachezacheza. Mara huyu anacheka peke yake, mara yule anakunja uso kisha anaukunjua, ameelewa. Kila mmoja alikuwa na darasa lake kichwani, na katika kila darasa alikuwamo yeye. Kemilembe aliona wivu, akaona na fahari, akavionea haya vyote viwili.

"Zamani nilikuwa nikiingia zahanati watu wananipisha kwenye benchi," Kyaruzi alinong'ona. "Mwalimu huyo, mpisheni. Leo mzazi ananiuliza kama uji umeiva. Lakini sinung'uniki, Kemi. Mjukuu wangu Adelina yule pale dirishani. Hesabu anazofanya mimi sizijui. Atakuwa daktari, na ni wewe unayemfikisha."

Katika safu ya kati kulikuwa na mtoto mwembamba, kola imefumuka, aliyekuwa akifuta na kuandika, akifuta na kuandika, mpaka karatasi imetoboka. Ghafla aliacha. Aliinamisha kichwa upande mmoja, anasikiliza. Uso wake ukalainika kama wa mtu aliyevuliwa viatu vinavyombana. Akafunga daftari. Akaweka penseli juu yake, sawasawa, akainuka na begi lake. Hakuna mwenzake aliyeinua kichwa.

"Anakwenda wapi?" Kemilembe aliuliza, ingawa alijua.

"Ndiyo hivyo," Kyaruzi alisema. "Mara nyingine wawili kwa wiki."

Mtoto alikuwa anakaribia mlango wa mbele. Kemilembe aliingia darasani. "Rudi ukae!" alisema. "Wewe, mwanangu, rudi. Hatujamaliza."

Darasa zima liliinua vichwa. Sauti moja ilikuwa sikioni, na ileile ilikuwa chumbani, na zilisema mambo mawili. Penseli zilianguka. Mtoto wa mlangoni alisimama, mguu mmoja nje. Alimtazama Kemilembe, kisha akagusa nyuma ya sikio, ambako Mwalimu alikuwa bado anamwambia, kwa upendo, nenda, umejitahidi. Alirudisha mguu. Akautoa tena.

"Rudi," Kemilembe alisema, polepole zaidi. "Usiogope. Tutaingilia upande mwingine."

Mtoto alianza kutetemeka. Alikaa pale pale kizingitini, akaziba masikio kwa viganja. Haikusaidia, kwa kuwa sauti moja haikupitia masikioni. Mkojo ukamtoka, ukapita chini ya begi. Nyuma, msichana mmoja alianza kulalamika kwa mlio mwembamba, akafuatwa na wa pili. Adelina alikuwa amesimama juu ya benchi, macho yamemtoka, anauliza, "Yupi? Yupi?"

"Nyamaza, Kemi!" Kyaruzi alimshika mkono. "Kwa jina la Mungu, nyamaza. Unawaumiza."

Alinyamaza. Alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili na kusimama hivyo, mwalimu mbele ya darasa lake, mpaka vilio vikapungua. Sauti iliyobaki iliwabembeleza mmoja mmoja, wakarudi kwenye penseli zao. Yule wa kizingitini iliendelea kumwambia aende. Akainuka, suruali imelowa, akashuka kilima. Baada ya hatua chache mabega yake yalishuka, akaanza kutembea kama mtoto mwingine yeyote.

*

Salha alikuja kesho yake asubuhi. Kilichotokea darasani kilikuwa kimeonekana kwenye mitambo ya Wakala. Hakuja kugomba. Alikaa kwenye mkeka ulezi ulipokuwa ukianikwa, akasema kwa unyenyekevu, "Mwalimu, naomba usiende tena shuleni ukiwa na sauti hiyo. Watoto hawawezi kubeba wawili."

"Najua," Kemilembe alisema. "Nimewaona. Ndiyo maana lazima abaki mmoja."

Salha alielewa, akatua kikombe cha chai alichokaribishwa. "Nilikueleza yatakayofuata."

"Ulinieleza vizuri, sijasahau hata moja. Nimekaa nayo. Nikiiacha, wale wa mbele wanasoma, akiwemo Adelina, na wale wa nyuma wanatolewa kwa upendo wangu. Nikiiondoa, wa mbele watayumba, na wa nyuma watatolewa vilevile. Sijaona mahali ambapo ninamsaidia mtu."

"Sasa kwa nini?"

Kemilembe alikuwa akichagua mawe kwenye ulezi. Hakuacha. "Kwa sababu ya yule Asimwe. Anaimba, Bi Salha. Amenyang'anywa kitu na anaimba, kwa kuwa aliyemnyang'anya alimwita mwanangu. Mtoto akilia anajua kuna kilichochukuliwa. Mama yake naye anajua. Pengine siku moja watadai. Lakini huyu atadai nini? Nilikuwa mwalimu. Mtoto alikuwa akiniamini kabla hata sijafungua mdomo. Imani hiyo ndiyo mnayoitumia, si sauti."

"Naweza kukuomba usubiri mitihani ipite?"

"Ukiniomba nitakubali. Baada ya mitihani utaniomba nisubiri wanaoingia darasa la kwanza, na nitakubali tena, najijua. Usiniombe."

Salha alikuwa mtu wa haki. Alitoa chombo kidogo mfukoni, akakiweka kati yao, akasema maneno yanayotakiwa na sheria. Alitakiwa kuuliza mara mbili. Mara zote mbili Kemilembe alijibu wazi, kwa sauti ile ya darasani, kwamba anaondoa sauti yake na kila kitu ambacho mitambo ilijifunza kutoka kwake. Alipomaliza, kilimani hapakusikika kitu. Kengele haikulia, ndege hawakuruka. Salha aliinuka, akampa mkono, na Kemilembe akaona kwamba mhandisi analia.

"Mimi pia nilijifunza kwako," Salha alisema. "Nikiwa mtu mzima, kwenye majaribio. Nilikuwa na kigugumizi. Ulinitoa."

*

Ta Kyaruzi alimsimulia baadaye, mara ya mwisho walipozungumza. Alisema watoto waliinua vichwa wote mara moja, na penseli mikononi, kama wanaongojea sentensi imalizike. Waligonga vinong'ona kwa vidole. Walingoja mpaka jioni, wakakataa uji. Adelina alilala chini ya dirisha la darasa na hakukubali kuondolewa mpaka babu yake alipombeba mgongoni. Sauti mpya ililetwa, ya kijana mmoja hodari kutoka Dodoma. Adelina aliisikiliza, akaking'oa kinong'ona pamoja na kipande cha ngozi.

"Ulikuwa nao mikononi, Kemi," Kyaruzi alisema, amesimama nje ya uzio, amekataa kuingia. "Sisi wote tulivuliwa ualimu tukapewa mwiko wa uji. Wewe peke yako ulibaki mwalimu. Ukaamua kuwaacha." Akaondoka, na tangu siku hiyo alipopita njiani alitazama migomba.

Wazazi wengine hawakusema kwa upole hivyo. Mmoja alirusha matope kwenye mlango. Mwingine alipiga magoti uani akimsihi airudishe, na Kemilembe alipomwambia haiwezekani tena, mama yule aliendelea kupiga magoti, hajui afanye nini kingine.

Kisha watoto wakaanza kuja.

Walikuja kwanza wa kijijini, wachache, na sare zao. Mmoja alikuwa amemsikia akiita mbuzi wake. Habari ilishuka mabondeni, ikavuka hadi vijiji vya pwani ya ziwa, na siku ya soko walijaa uani, wakajaa kati ya migomba, wakafika hadi barabarani. Kokusima alikuja na Asimwe. Walikuja walioamka wakilia kwa ajili ya sauti mpya, waliofukuzwa kwa ukali na kijana wa Dodoma, na waliopumzishwa zamani waliosikia wengine wakilia, wakaanza kujiuliza. Hawakuleta madaftari. Walikaa chini wakamtazama.

Kemilembe alisimama kwenye kizingiti cha jikoni. Hakuwa na ubao. Alikuwa amezoea kuwa na ubao.

"Hamjambo, watoto," alisema.

"Hatujambo, Mwalimu," waliitikia wa mbele. Wa nyuma hawakusikia.

Alipaza sauti, ikavunjika. Ilikuwa sauti ya mtu mmoja, mzee, na hewa ya kilimani ilikuwa na upepo. Alijaribu tena, akakohoa. Ndipo Asimwe, aliyekaa mbele kabisa, alipoinuka bila kuambiwa, akawageukia walio nyuma yake na kuwasemea. Wa safu ile wakageuka wakawasemea wa nyuma yao. Maneno yakaanza kwenda, safu hadi safu, kuelekea barabarani, na Kemilembe akahisi kitu kikimpanda kifuani ambacho hakuwa amekihisi tangu avuliwe utepe.

"Tutaanza na swali jepesi," alimwambia Asimwe. "Waulize, nusu ya robo ni ngapi?"

Asimwe aliuliza. Swali likaenda. Aliliona likipita kwenye vichwa vilivyogeuka na viganja vilivyowekwa mdomoni, likaingia kwenye migomba, likapotea. Alisubiri. Walio mbele walikuwa wanahesabu vidole, hawajafika. Kisha kutoka mbali, kutoka barabarani, jibu likarudi kwa kishindo, mamia ya watoto wakipaza sauti kwa furaha.

"Robo tatu! Robo tatu!"

Aliduwaa, kisha akaelewa. Mahali fulani njiani, mtoto fulani alikuwa amesikia nusu na robo. Wale wa nyuma walikuwa wamejibu vizuri sana swali ambalo hakuwauliza, na sasa jibu lao lilikuwa linarudi mbele, safu baada ya safu, na wa mbele waliokuwa karibu kupata walikuwa wanalisikia, wanakunja vidole vyao, wanalipokea.

"Hapana," alisema. "Asimwe, waambie hapana, si hivyo." Lakini Asimwe mwenyewe alikuwa amegeuka na furaha usoni, anasema robo tatu pamoja na wengine.

Kemilembe alishuka kizingiti, akaanza kupenya katikati yao kuelekea nyuma. Walimpisha kwa heshima, wakamgusa kanga. Kila alipofika alikuta wanaimba robo tatu. Aliinama akamweleza mmoja, akamweleza wa pili, hii ni robo, sasa ikate katikati, na yule aliyeelewa aliinua uso, naye akaenda kwa mwingine. Jua lilikuwa limepanda. Magoti yalikuwa yanamuuma. Alikuwa bado hajafika kwenye migomba, na nyuma yake, uani, wa mbele walikuwa wameanza kuinuka na kupangusa vumbi, wakienda nyumbani na jibu walilopata.